UZI: Historia ya feri za abiria kupitia postikadi. Panga albamu kwa njia, si kwa jina la meli

#1 Nanga ya Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Meli kubwa za kuvuka bahari kuu zimeandikiwa vitabu tele. Feri hazikupata bahati hiyo. Feri ni chombo cha kila siku: mtu anapanda asubuhi kwenda kazini, jioni anarudi nacho, na hakuna anayeketi kuandika habari zake. Kilichozihifadhi ni postikadi. Mchapishaji alitaka picha ya bandari ya mji, na ukipiga picha ya bandari huwezi kuikwepa feri. Kwa hiyo kwenye kadi utaikuta hata pale ambapo maelezo chini ya picha hayaitaji kabisa; wameandika jina la mnara au la hoteli, na feri imepita tu mbele yake.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja. Albamu nyingi za feri zimepangwa kwa majina ya meli, A mpaka Z, na mpangilio huo unaiua historia. Panga kwa njia. Chukua gati la huku na gati la ng'ambo, kisha weka kadi zote za safari ile kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Ukifanya hivyo utaona kitu ambacho kadi moja moja haikuonyeshi: njia inazaliwa, inajaa watu, inapata mshindani, inakufa, na mara nyingine inafufuka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni San Francisco na Sausalito. Jengo la feri la San Francisco, lile lenye mnara wa saa, lilifunguliwa 1898, na kadi zake za mwanzo wa karne zinaonyesha tramu zimepanga foleni mbele na mabomba ya moshi ya feri yakichungulia nyuma ya paa. Kwenye njia ya Sausalito chombo maarufu ni Eureka. Kiliundwa 1890 kwa jina la Ukiah, kazi yake ikiwa kuvusha mabehewa ya reli, kisha kikajengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kibebe abiria na magari. Halafu tarehe 12 Novemba 1936 likafunguliwa daraja la Bay, la kwenda Oakland, na tarehe 27 Mei 1937 likafuata Golden Gate. Tazama kadi za baada ya hapo: daraja limechukua karatasi nzima, na feri imebaki alama ndogo chini yake. Mpiga picha alikuwa ameshahamisha macho kabla abiria hawajaisha. Mwaka 1941 njia ya Sausalito ikafungwa.

Kisha kwenye albamu yako kunakuja pengo. Miaka karibu 30 hakuna kadi ya feri ya Sausalito, kwa sababu hakukuwa na feri. Agosti 1970 huduma ikaanza tena, safari hii ikiendeshwa na mamlaka ileile ya daraja la Golden Gate, maana magari yalikuwa yamelijaza daraja lao. Lile pengo la kurasa tupu ni sehemu ya historia, na mimi huwa naliacha wazi makusudi. Mtu aliyepanga kwa alfabeti hawezi kuliona.

Eureka mwenyewe bado yupo, amehifadhiwa kwenye makumbusho ya bahari palepale San Francisco.

Karibuni na kadi zenu. Naendelea baadaye na habari za kusoma mgongo wa kadi.

#2 Karani wa Stempu

Mkuu Nanga, uzi mzuri sana huu. Swali kabla hujaendelea: kadi zangu nyingi hazikuwahi kutumwa. Hazina stempu wala muhuri. Njia nazijua, mwaka siujui. Nazipangaje?

#3 Nanga ya Zamani

Karani, swali lako ndilo msingi wa kazi yote, nitalijibu kwa kirefu.

Anza na mgongo. Kadi za kwanza kabisa za posta zilitolewa Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, na hazikuwa na picha. Uingereza iliruhusu wachapishaji binafsi kutoa kadi zao mwaka 1894. Siku hizo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, haikuruhusiwa kuandika ujumbe hapo. Ndiyo sababu kadi za wakati ule zina sehemu nyeupe kando ya picha, na mtumaji ameandika maneno yake humo, mara nyingine hadi juu ya mawingu na moshi wa meli. Mwaka 1902 Uingereza ikawa ya kwanza kuugawa mgongo kwa mstari, kushoto ujumbe, kulia anwani. Ufaransa ikafuata 1904, Ujerumani 1905, Marekani Machi 1907. Kwa hiyo kadi ya Marekani ambayo mgongo wake haujagawanywa imechapishwa kabla ya 1907. Hapo tu umeshapunguza miaka mingi ya kubahatisha.

Kwa Marekani kuna alama nyingine. Ukiona maneno "Private Mailing Card" juu ya mgongo, hiyo ni ya kati ya 1898 na 1901. Ukiipapasa kadi ukasikia mistari kama kitambaa cha kitani, basi ni ya miaka ya 1930 au 1940. Za kampuni ya Curt Teich ya Chicago zina namba zenye herufi: A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, C ni ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi ndiyo mwaka ndani ya muongo huo. 5A maana yake 1935. Jifunze mfumo huo, utakutatulia mengi, maana Teich alichapisha kadi za karibu kila mji wa Marekani wenye gati.

Halafu kuna kadi ambazo ni picha halisi, zilizosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya picha. Weka lenzi ya kukuzia juu yake. Ukiona nukta nukta, hiyo imetoka mashine ya kuchapia. Kama hakuna nukta, vivuli vinashuka taratibu tu, ni picha halisi, na hizo ndizo zenye ushahidi mzito. Kwenye karatasi ya picha yenye chapa ya AZO tazama pembe za kile kisanduku cha kubandikia stempu: pembetatu nne zikielekea juu zote ni takribani 1904 hadi 1918, mbili juu na mbili chini ni baada ya hapo, hadi karibu 1930.

Sasa onyo, na hapa nasisitiza. Muhuri wa posta unakuambia siku kadi ilipotumwa. Haukuambii siku picha ilipopigwa. Wachapishaji walitumia picha moja kwa miaka mingi kwa sababu kupiga nyingine ni gharama. Feri iliyokwisha kuvunjwavunjwa chuma iliendelea kuuzwa kwenye kadi kana kwamba inaondoka kesho saa mbili asubuhi.

Na usiamini rangi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu kubwa ya kadi zilichapishwa Ujerumani, zikiwemo za miji ya mbali kabisa, na aliyetia rangi alikuwa na picha nyeusi na nyeupe tu mezani. Bomba la moshi akalitia nyekundu kwa sababu nyekundu inapendeza. Moshi akauongeza. Bendera akaichora. Kuna hata kadi za "usiku" ambazo ni picha ya mchana iliyotiwa bluu, mwezi ukachorwa na madirisha yakapakwa manjano. Ukiangalia vizuri watu sitahani wamesimama vilevile kama kwenye kadi ya mchana. Rangi za kampuni zithibitishe kwenye chanzo kingine. Umbo la chombo, idadi ya mabomba, mahali pa chumba cha usukani, hayo unaweza kuyategemea zaidi.

#4 Mshika Usukani

Naheshimu hoja yako kaka Nanga, lakini siikubali yote. Meli ina maisha yake. Ukizipanga kwa njia unaikata vipande.

Chukua Kalakala. Alianza kama Peralta, feri ya ghuba ya San Francisco, miaka ya 1920. Mwaka 1933 akaungua moto gatini, sehemu ya juu ikateketea yote. Umbo la chini likanunuliwa, likavutwa hadi jimbo la Washington, na Julai 1935 akatoka mpya kabisa kwa jina la Kalakala, amefunikwa chuma kilichopindwa laini na rangi ya fedha, madirisha ya mviringo, hana kona hata moja. Akawa anakwenda Seattle na Bremerton. Kadi zake za kitani ni nyingi ajabu, maana watu walikuwa hawajaona chombo cha namna ile. Nahodha hakufurahia sana, kwa sababu madirisha ya chumba cha usukani yalikuwa madogo na hakuona vizuri, na injini ilimtikisa hadi vyombo vikacheza mezani. Lakini kwenye kadi? Hakuna aliyempita. Alistaafishwa 1967, akapelekwa Alaska akawa kiwanda cha kusindika, akarudishwa Seattle 1998 na watu waliotaka kumwokoa, fedha zikakosekana, na 2015 akakatwa chuma chakavu.

Sasa wewe utamweka Peralta kwenye ukurasa wa San Francisco na Kalakala kwenye ukurasa wa Seattle, na anayefungua albamu yako hatajua kamwe kwamba ni chombo kimoja. Hiyo nayo si kuua historia?

#5 Sitaha ya Juu

Naungana na Mshika Usukani kwa mfano mzito zaidi. Mwaka 1980 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilitoa feri iliyoitwa Viking Sally. Kadi zake zinaonyesha ubavu mwekundu, alikuwa akienda Turku, Mariehamn na Stockholm. Mwaka 1990 akaitwa Silja Star, mwaka uliofuata Wasa King, na 1993 akapakwa upya akaanza njia ya Tallinn na Stockholm kwa jina la Estonia. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 akazama na watu 852 wakafa.

Nina kadi za majina kadhaa kati ya hayo. Ile ya Viking Sally ni kadi ya furaha, jua kali, watu sitahani. Siwezi kuiweka mbali na ile ya Estonia. Nikiziweka pamoja zinasema kitu, nikizitenganisha zinabaki matangazo ya safari.

#6 Nanga ya Zamani

Mshika Usukani na dada Sitaha, mmeleta mifano yenye nguvu na sitaipuuza. Suluhisho ninalotumia mwenyewe ni karatasi ya rejea. Kadi ya Peralta inakaa San Francisco, na chini yake naweka kipande cha karatasi: "angalia Seattle–Bremerton, 1935". Kwa Estonia nakubaliana nawe dada moja kwa moja. Chombo kilichobeba msiba wa ukubwa ule kiwe na ukurasa wake.

Hata hivyo bado nasimama na njia kwa albamu nzima, na nitawaeleza sababu kwa mfano wa Japan. Kati ya Aomori na Hakodate kulikuwa na feri za reli kuanzia 1908. Tarehe 26 Septemba 1954 tufani iliizamisha Toya Maru na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Msiba huo ndio uliosukuma mpango wa kuchimba handaki chini ya bahari, ambao kabla yake ulikuwa ukizungumzwa na kupimwa tu. Handaki la Seikan likafunguliwa Machi 1988 na feri zile zikakoma mwaka huohuo. Hakkoda Maru leo ni makumbusho Aomori, Mashu Maru ni makumbusho Hakodate, moja kila ng'ambo. Ukiwa na kadi za Toya Maru peke yake una kisa cha meli iliyozama. Ukiwa na kadi za njia nzima unaona chanzo na matokeo.

Denmark vilevile. Feri za treni kati ya Korsør na Nyborg zilianza 1883, na treni zilipopata njia yao ya handaki na daraja mwaka 1997, feri hizo zikakoma. Zaidi ya karne moja ya kadi, kutoka meli za kusukumwa na magurudumu ya pembeni hadi za injini za dizeli, na gati ni lilelile.

Na kuna chombo kimoja kinachotupatanisha sisi watatu: Liemba wa Ziwa Tanganyika. Dada Sitaha ametaja kiwanda cha Meyer cha Papenburg. Liemba naye alitoka hukohuko, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Alifunguliwa vipande, akasafirishwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, akapandishwa reli hadi Kigoma, akaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakamzamisha asichukuliwe, na mafundi wakazipaka injini grisi kabla, zisiharibiwe na maji. Aliinuliwa 1924, na 1927 akaanza kazi kwa jina jipya la Liemba. Hapo ukipanga kwa meli au kwa njia, ukurasa ni uleule.

#7 Karani wa Stempu

Asante mkuu, nimeshaanza kupapasa kadi moja moja na lenzi mkononi.

Je, daraja au handaki likija feri ni lazima ife? Nina kadi za Istanbul nyingi na najua kule feri bado zipo.

#8 Nanga ya Zamani

Si lazima, na Istanbul ndiyo shahidi mzuri. Kampuni ya Şirket-i Hayriye ilianzishwa 1851 kuhudumia Bosphorus, mlango wa bahari unaoupasua mji. Daraja la kwanza lilifunguliwa Oktoba 1973, na feri bado zinakatiza kwa sababu mji umekaa pande mbili za maji na magati mengi yapo mbali na daraja. Kwa mkusanyaji wa kadi Istanbul ina zawadi: feri za kampuni ile zilikuwa na namba kwenye bomba la moshi. Suhulet, feri ya magari ya miaka ya 1870, ni namba 26. Kwa hiyo hata kama maelezo ya kadi yanasema "Constantinople (jina la zamani la Istanbul), daraja la Galata" tu, weka lenzi kwenye bomba, soma namba, umeshaijua meli. Max Fruchtermann alianza kuchapisha kadi huko 1895, na nyingi zake zina feri zimebanana kando ya Galata.

Sydney inaonyesha tofauti vizuri zaidi. Daraja la bandari lilifunguliwa tarehe 19 Machi 1932, na feri zilizokuwa zikivusha watu pale pale chini yake zikapoteza kazi. Feri ya Manly, kitongoji cha mbali cha Sydney, haikuguswa, maana daraja haliendi Manly. Tafuta kadi za miaka ya ujenzi, pale matao mawili ya chuma bado hayajakutana angani na feri zinapita chini zikiwa zimejaa. Ukiniuliza kadi gani ya feri inafaa kununuliwa kwanza, nitakutajia hizo.

Hong Kong nayo: Star Ferry ilianza 1888 kama kampuni ya feri ya Kowloon, ikapata jina la Star 1898. Handaki la kuvuka bandari likafunguliwa 1972, na feri bado inakwenda. Kilichopotea ni gati. Gati la Edinburgh Place lenye mnara wa saa lilifungwa Novemba 2006 na mnara ukabomolewa mwezi uliofuata, watu wakiandamana kulitetea. Kadi za kawaida kabisa za watalii, za miaka ya 1960 na 1970, ambazo wengi walikuwa wakizipita, sasa ndizo kumbukumbu ya jengo lile. Ushauri wangu: usizidharau kadi za rangi kali za baada ya 1950.

#9 Mshika Usukani

Kaka, umegusa misiba kidogo ukapita. Zile kadi za ajali, mnaonaje? Nina moja ya meli Berlin, iliyopasuka kwenye bandari ya Hook of Holland, Uholanzi, Februari 1907. Kuna watu wanasema ni aibu kuzikusanya.

#10 Nanga ya Zamani

Mimi sioni aibu. Mwaka 1907 magazeti mengi hayakuwa na picha nzuri, na kadi ndiyo iliyobeba habari. Berlin ilikuwa ikitoka Harwich, Uingereza, ikakatika vipande viwili kwenye ukuta wa bandari katika dhoruba, watu zaidi ya 120 wakafa mbele ya macho ya waliokuwa nchi kavu. Kadi ile ilitumwa na mtu aliyetaka ndugu yake ajue. Soma maneno ya nyuma kabla ya kuhukumu.

Na hapo nafika kwenye jambo ninalobishana na wauzaji kila mara. Wanasifia kadi safi isiyotumwa. Mimi nachukua iliyoandikwa. Mbele ya kadi nakuta meli, nyuma nakuta abiria: "tumefika salama, bahari ilichafuka", "nakuja na feri ya saa nne, nipokee". Ukiona muhuri wenye neno PAQUEBOT ujue iliandikwa na kutumbukizwa chomboni safarini. Mwaka 1918 feri mbili za mto Mersey kule Liverpool, Iris na Daffodil, zilipelekwa vitani kwenye shambulio la bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, zikarudi nyumbani na majeraha, na Mfalme wa Uingereza akazipa neno Royal mbele ya majina yao. Kadi ya Royal Daffodil iliyoandikwa na mtu aliyempanda kwenda kazini kwake ina thamani kwangu kuliko kumi zilizokaa ndani ya droo.

#11 Sitaha ya Juu

Nimeshawishika nusu. Nitazipanga upya za Skandinavia kwa njia, Estonia nitamwacha na ukurasa wake. Swali la mwisho: hizo karatasi za rejea unaziandika vipi bila kuharibu kadi? Na unazihifadhi kwenye nini?

#12 Nanga ya Zamani

Dada, karatasi iwe isiyo na asidi, na uandike kwa kalamu ya risasi laini, kamwe si kwa wino. Usiandike kwenye kadi yenyewe. Usitumie gundi wala utepe wa kunata. Tumia pembe za karatasi au mfuko wa poliesta. Plastiki ile laini yenye harufu kali iondoe leo, inanata kwenye picha na kuchukua rangi. Kwa kadi zilizoandikwa chagua mfuko unaoona pande zote mbili, ili usizitoe kila unapotaka kusoma. Albamu isimame wima, mbali na jua na ukuta wenye unyevu.

Ukimaliza kupanga za Turku na Stockholm weka hapa orodha ya miaka uliyonayo. Mimi na Mshika Usukani tutaangalia wapi pana pengo, na kama ni pengo la kadi au la feri.